Kaskazi, Kusi na Safari ya Vasco da Gama

Mwanafunzi wa Kampala au Bujumbura hutamka "kaskazini" na "kusini" kila siku, na huenda hajapata kuiona bahari. Hata hivyo, maneno hayo ameyarithi kwa mabaharia. Kaskazi ni upepo uvumao kutoka kaskazini-mashariki, aghalabu kuanzia Desemba hadi Machi; kusi huvuma kutoka upande wa kusini, kuanzia Aprili hadi Septemba. Kwa watu wa pwani, kuujua upepo ndiko kulikokuwa kuijua njia.

Majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalishuka na kaskazi hadi Mogadishu, Malindi na Mombasa, kisha yakarejea na kusi. Lakini chini ya upepo kuna maji. Mkondo wa pwani ya Kenya na Tanzania huelekea kaskazini mwaka mzima: wakati wa kusi humsaidia nahodha arejeaye kwao, wakati wa kaskazi humpinga ashukaye kusini. Kwa hiyo Kilwa ilikuwa kama ukomo wa safari ya msimu mmoja. Aliyesonga mbele hadi Sofala, katika Msumbiji ya leo, aliweza kukosa upepo wa kurudia. Hiyo ni sababu mojawapo iliyoiwezesha Kilwa kuishika biashara ya dhahabu ya Sofala na kutajirika. Ibn Battuta aliyeuzuru mji huo mwaka 1331 aliusifu uzuri wake.

Safari moja mashuhuri yatuonyesha gharama ya kutoujali msimu. Vasco da Gama aling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi ikianza, akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi. Baada ya siku zipatazo 23 aliiona nchi ya Bara Hindi. Wakati wa kurejea hakuingoja kaskazi. Alianza kuivuka bahari Oktoba, akapambana na shwari na pepo za mbisho. Akafika Malindi Januari 1499, baada ya miezi mitatu hivi. Kiseyeye kiliua mabaharia wapatao 30 njiani, na waliosalia hawakutosha kuziendesha merikebu tatu. Ikabidi moja ichomwe moto.

Merikebu zilikuwa zile zile, na bahari ile ile. Kilichobadilika ni upepo.

Walimu wenzangu, tuyafundishapo maneno haya tusiishie kuchora dira ubaoni. Tuwaeleze wanafunzi kwamba ndani yake mna elimu iliyookoa roho za watu.