Fiat, vumbi na lami: jinsi barabara ya Mikumi ilivyolibadilisha lori la Kiitaliano

Ukitaja magari ya Kiitaliano, wengi wetu akili inakimbilia Ferrari na Lamborghini: gari jekundu, chini chini, mlio wa injini unaosikika mtaa wa tatu. Hayo ni magari matamu kuyaangalia. Ila ukiuliza ni gari gani la Kiitaliano lililogusa historia ya Tanzania na Zambia, jibu ni lori. Liliitwa Fiat, lilikuwa refu na zito, lilikwenda polepole, na lilipita Mikumi likiwa limejaa vumbi hadi kwenye nyusi za dereva.

Leo tuangalie hilo lori lilivyobadilika toleo hadi toleo, kwa nini lilibadilika, na kwa nini ukurasa mmoja wa historia yake bado haujafungwa pale kwenye matuta ya Hifadhi ya Mikumi.

Novemba 1965: nchi inafungiwa mlango

Tuanze na siasa, maana bila siasa hili lori lisingefika huku kwa wingi.

Tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ilijitangazia uhuru wake yenyewe bila idhini ya Uingereza. Jirani yao Zambia ilikuwa na uhuru wa mwaka mmoja tu, haina bahari, na mafuta yake yalikuwa yanapita Rhodesia. Shaba yake nayo, ambayo ndiyo ilikuwa uchumi wenyewe, ilitoka kwa reli kupitia hukohuko. Uingereza ilipoiwekea Rhodesia vikwazo vya mafuta mwezi Desemba, Rhodesia nayo ikaikatia Zambia. Petroli ikawa ya mgawo. Ndege za Uingereza, Kanada na Marekani zikaanza kubeba mafuta kwenye mapipa kupeleka Zambia. Hebu fikiria: unachoma mafuta ya ndege ili upeleke mafuta!

Njia nyingine iliyobaki ilikuwa ya kaskazini, kutoka bandari ya Dar es Salaam kupitia Morogoro, Mikumi, Iringa na Mbeya hadi Tunduma, kisha Zambia. Upande wa Tanzania peke yake ni zaidi ya kilomita 900.

Msomaji atauliza, kwani reli? Reli ya Kati ilikuwepo tangu enzi za Mjerumani na ilipita Kilosa, lakini ilielekea Tabora, Kigoma na Mwanza. Kutoka Kilosa lilikuwepo tawi la kwenda kusini, lililopita Mikumi na kufika Kidatu. Ukiangalia ramani, hilo tawi linaelekea kabisa upande wa Zambia. Shida ni kwamba liliishia pale pale, chini ya milima ya Udzungwa, kwenye mashamba ya miwa ya Kilombero. Baada ya hapo, mzigo wa Zambia ulihitaji matairi.

Ndipo mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services. Wanahisa wake walikuwa serikali mbili pamoja na Intersomer, kampuni ya Kiitaliano. Malori yakawa Fiat. Yalipanda na mafuta na bidhaa, yakashuka na shaba. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya njia kutoka Morogoro kwenda mbele ilikuwa ya udongo na changarawe, vumbi kiangazi na tope masika, watu wakaibatiza kwa Kiingereza jina ambalo kwa Kiswahili tungesema "Njia ya Jehanamu". Malori yalipinduka, yalikwama, yaligongana ndani ya wingu la vumbi. Wapo madereva na utingo ambao hawakurudi nyumbani.

Familia ya 682

Ukizungumzia Fiat kubwa za Afrika miaka ya 60, unazungumzia hasa familia ya 682. Ilizinduliwa Italia mwaka 1952 na uzalishaji wake ulikuja kukoma mwaka 1988. Miaka 36! Magari machache sana ya aina yoyote yamedumu hivyo. Ethiopia, kwa mfano, toleo la N3 lilikuwa maarufu kiasi kwamba jina la toleo ndilo likawa jina la lori.

Herufi zake zina maana. N ni "nafta", yaani dizeli kwa lugha ya Waitaliano wa wakati ule, na ilitumika kwa lori lenye bodi yake lenyewe, ambalo mara nyingi lilivuta tela nyuma. T ni "trattore", kile tunachokiita kichwa cha semi. RN ilikuwa chesi ya basi. Msingi ni uleule, miili mitatu tofauti kwa kazi tatu tofauti.

Namba inayofuata ndiyo inayoonyesha mabadiliko:

- 682 N ya 1952: injini ya silinda sita ya takriban lita 10.2, nguvu za farasi 140 hivi.
- N2, katikati ya miaka ya 50: takriban lita 10.7, farasi 150 hivi. Hapa ndipo uso wa lori ulipopata ule urembo wa mbele ambao Waitaliano waliufananisha na sharubu.
- N3, mwanzoni mwa miaka ya 60: takriban lita 11.5, farasi 180 hivi.

Unaona mwelekeo? Kila toleo linaongeza ukubwa wa injini ili kupata nguvu. Hakuna turbo. Injini inavuta hewa kwa pumzi yake yenyewe. Ni teknolojia rahisi, na urahisi huo ulikuwa faida: fundi wa gereji ya kando ya barabara angeweza kuielewa, kuifungua na kuifunga.

Kuna jambo moja lililowaangukia Watanzania kama bahati. Italia wanaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini malori yao makubwa ya wakati huo yalikuwa na usukani upande wa kulia pia. Sababu ni milima ya Alpi: dereva alitaka auone ukingo wa barabara, ajue tairi liko wapi kabla halijaning'inia korongoni. Kwa hiyo lori lililotengenezwa kwa ajili ya milima ya Ulaya lilifika nchi inayoendesha kushoto likiwa na usukani mahali panapotakiwa.

Tupige hesabu kidogo

Sasa tuje kwenye swali la kisayansi: kuongeza injini kutoka farasi 140 hadi 180 kulimsaidia nini dereva?

Chukua lori na tela lake, jumla tani 30, na uliweke kwenye mlima wenye mwinuko wa asilimia 6. Nguvu inayolivuta kurudi nyuma kwa sababu ya mwinuko ni kama kilonewtoni 17.7. Juu yake ongeza ukinzani wa matairi. Kwenye changarawe laini tuchukue asilimia 2.5 ya uzito, ambayo ni kilonewtoni 7.4. Jumla ni kama 25. Tukichukulia kwamba asilimia 85 ya nguvu ya injini inafika kwenye matairi, basi:

- Injini ya farasi 140 inapanda kwa kilomita kama 12.6 kwa saa.
- Injini ya farasi 180 inapanda kwa kilomita kama 16 kwa saa.

Haya, sasa acha lori lilelile la zamani la farasi 140, ila weka lami. Ukinzani wa matairi unashuka hadi kama asilimia 0.8 ya uzito, yaani kilonewtoni 2.4. Jumla inakuwa 20. Spidi yake? Kilomita kama 15.7 kwa saa.

Umeelewa kilichotokea? Lami peke yake imelipa lori la 1952 karibu faida ileile ambayo wahandisi wa Turin waliitafuta kwa miaka kumi. Na hapo ni mlimani. Kwenye tambarare tofauti ni kubwa zaidi: kwenda kilomita 40 kwa saa kwenye changarawe kunahitaji farasi kama 110 kwenye matairi, wakati kwenye lami farasi 35 tu wanatosha. (Ukinzani wa hewa nimeuacha, maana kwa spidi hizo ni mdogo.)

Kushuka nako kuna hesabu yake. Lori hilo hilo likiteremka mita 500 kwa kimo, kama vile kwenye milima ya Kitonga mbele ya Mikumi, nishati inayotakiwa kumezwa inatosha kuchemsha lita zaidi ya 400 za maji ya baridi. Yote hiyo ikiachiwa breki, breki zinawaka. Ndiyo maana wazee wa barabarani walisisitiza ushuke kwa gia ileile ambayo ungepandia: injini nayo ibebe sehemu ya hilo joto.

Bomba, lami, reli

Lori halikubaki peke yake muda mrefu. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA lilifunguliwa, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Waliolijenga nao walikuwa Waitaliano, Snamprogetti ya kundi la ENI. Mafuta sasa yakapita chini ya ardhi, na mapipa yakapungua barabarani. Barabara nayo ikawekwa lami vipande kwa vipande, mwishoni mwa miaka ya 60 na mwanzoni mwa 70, kwa fedha zikiwemo za Marekani na Benki ya Dunia. Kisha ikaja TAZARA, kilomita 1,860, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975.

Lile tawi la Kilosa halikusahaulika moja kwa moja. TAZARA ilipita Kidatu, lakini upana wa reli zake ni milimita 1,067, na reli ya Kilosa ni 1,000. Tofauti ni milimita 67, upana wa kiganja kwa makadirio, na inatosha kulizuia behewa lisivuke. Mwaka 1998 ilifunguliwa stesheni ya kuhamishia mizigo hapo Kidatu, kutoka behewa hadi behewa.

Fiat nayo ilibadilika. Mwaka 1970 zilikuja 619 na 684 zenye kabini kubwa ya pembe pembe. Mwaka 1975 Fiat iliunganisha malori yake na ya OM, Lancia, Unic na Magirus-Deutz, ikazaliwa Iveco. Kisha zikafuata injini za turbo, na mwaka 1984 ikatoka TurboStar, ambayo toleo lake kubwa lilikuwa na farasi 420, mara tatu ya babu yake wa 1952. Turbo ina faida maalumu kwetu. Injini inayovuta hewa yenyewe hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na Iringa na Mbeya ziko juu ya mita 1,500. Turbo inasukuma hewa ndani na kufidia sehemu kubwa ya hasara hiyo.

Deni lililobaki Mikumi

Hapa ndipo hesabu yetu inapogeuka upande wa pili.

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, mwaka mmoja tu kabla ya sakata la Rhodesia. Barabara inaikata katikati kwa takriban kilomita 50. Enzi za changarawe, vumbi lenyewe lilikuwa trafiki. Lori la farasi 180 na mzigo wake lisingezidi sana kilomita 50 kwa saa hata dereva angetaka. Lami iliondoa theluthi mbili ya ukinzani, na injini zikaendelea kukua. Kilichoiokoa Zambia ndicho kilichowafikia swala, nyati, twiga na fisi wa Mikumi usiku.

Ndiyo maana leo kuna matuta, kuna bango la faini kwa kila mnyama, na kuna kikomo cha kilomita 70 mchana na 50 usiku. Wengi wanadhani tofauti ya 20 ni kidogo. Umbali wa kufunga breki unakua kwa mraba wa spidi: 70 kwa 70, ukigawanya kwa 50 kwa 50, unapata karibu mara mbili. Kwa breki nzuri ni kama mita 38 dhidi ya 19, kabla hujahesabu sekunde ambayo dereva anaitumia kushtuka. Taa za mbele usiku hazikupi nafasi ya kubishana na mraba.

Suluhisho la kudumu ni mzigo mzito kupanda reli. Treni ya umeme ya SGR tayari inapita Kilosa, na abiria walianza kuitumia kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Lakini, kama ile reli ya Mjerumani, inaelekea magharibi. Mzigo wa Tunduma bado unategemea TAZARA na malori. Kwa hiyo ukipita Mikumi usiku ndani ya basi, na dereva akashusha hadi 50, usimpigie kelele kwamba anachelewesha safari. Mashine aliyoshika ni kizazi cha mbali cha ile Fiat, ila vumbi lililokuwa linaizuia halipo tena, na kazi hiyo sasa ni ya mguu wake.