Kabureta ya Gari la Kale: Majina, Alama na Uteuzi

Miongoni mwa maneno ya ufundi yaliyoingia katika Kiswahili pamoja na gari lenyewe, neno kabureta sasa linaelekea kuwa la historia. Tangu miaka ya 1990 magari mapya ya petroli, karibu yote, hayana tena chombo hicho. Hata hivyo magari ya kale yangalipo, mafundi wangali wakiyatengeneza, na vitabu vyake vya maelezo vyahitaji kufasiriwa. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kabureta haiwezi kutambuliwa wala kuteuliwa sawasawa ikiwa majina ya sehemu zake yamechanganywa.

Asili ya jina hili ni neno la Kifaransa linalohusu kaboni. Katika karne ya 19 huko Ulaya lilitumika kwa vyombo vya kutia mvuke wa mafuta katika gesi ya taa, kabla gari halijajulikana. Karl Benz alipopata hataza ya gari lake mwaka 1886, kabureta yake ilikuwa chombo ambamo hewa ilipitishwa juu ya mafuta ili ichukue mvuke. Mwaka 1893 yalitokea mabadiliko makubwa: Wilhelm Maybach katika Ujerumani, na Donát Bánki pamoja na János Csonka katika Hungaria, walibuni kabureta ya kunyunyiza. Katika kabureta hiyo hewa hupita penye koo jembamba, mwendo wake ukazidi na kanieneo yake ikapungua, na petroli ikafyonzwa kutoka katika tundu dogo liitwalo jeti. Kabureta zilizofuata zilijengwa juu ya msingi huo.

Anayetaka kuitambua kabureta ya gari la kale hupaswa kwanza kujua kwamba aina moja ya gari si lazima iwe na kabureta ya aina moja. Ford Model T, lililotengenezwa kuanzia mwaka 1908 hadi 1927, na ambalo idadi yake ilizidi milioni 15, lilifungwa kabureta za watengenezaji mbalimbali, hasa Holley na Kingston. Basi mwenye gari la namna hiyo akiuliza kabureta ya asili ni ipi, huenda majibu mawili yote yakawa ya kweli. Mrithi wake, Model A, la miaka ya 1928 hadi 1931, hujulikana zaidi kwa kabureta ya Zenith, ya chuma cha kalibu, inayofungwa chini na kupandisha hewa juu. Kwa hiyo fundi hutazama kwanza jina lililochorwa katika bati la kabureta, kisha njia ya hewa: je, yapanda, yashuka, au yaingia ubavuni? Twapendekeza mfasiri aseme kabureta ya kupandisha, ya kushusha na ya ubavuni, maana maneno hayo humwonyesha msomaji umbo la kitu.

Baada ya jina huja namba, na hapa watu wengi hupotea. Katika kabureta za Solex, kama ile ya 30 PICT iliyofungwa katika Volkswagen za miaka ya 1960, namba ya mbele ni kipenyo cha mdomo kwa milimita. Lakini SU, kabureta ya Kiingereza iliyotokana na ukoo wa Skinner, huhesabu kwa njia nyingine. Katika jamii ya H, namba huonyesha sehemu za nane zinazozidi inchi moja: H2 ni inchi moja na robo, H4 ni inchi moja na nusu, na H6 ni inchi moja na robo tatu. Mwenye kudhani kwamba H4 ni kubwa mara mbili ya H2 atanunua kitu kisichomfaa.

Sasa tuyatazame maneno yanayodai uangalifu wa mfasiri:

(a) Mdomo na koo. Mdomo ni mahali penye kipepeo, yaani kibati cha duara kinachofunguka dereva anapokanyaga mafuta. Koo ni sehemu iliyobanwa zaidi. Namba ya Solex ni ya mdomo, si ya koo.

(b) Sindano. Katika SU zimo sindano mbili. Ya kwanza hufunga njia ya petroli pindi boya linapoinuka katika bakuli. Ya pili imechongoka, nayo hupanda na kushuka ndani ya jeti ili kupima petroli. Kitabu kikisema tu "badilisha sindano", fundi aweza kubadilisha ya jeti ilhali mbovu ni ya boya. Petroli itaendelea kufurika juu ya injini yenye moto, na gari laweza kuteketea. Twashauri iandikwe daima sindano ya boya na sindano ya jeti.

(c) Mchanganyiko mzito na mwepesi. Kiingereza husema mchanganyiko ni tajiri au umekonda. Kulifuata neno kwa neno ni kumwacha msomaji gizani. Uliozidi petroli uitwe mzito, na uliopungukiwa uitwe mwepesi.

Istilahi hizi zikishakuwa wazi, uteuzi nao hurahisika. Kabureta kubwa si lazima iwe bora. Mdomo ukiwa mpana kuliko haja ya injini, hewa hupita polepole, petroli hainyunyiziki vema, na gari huvuta kwa udhaifu katika mwendo mdogo. Mahali nako huhusika. Gari lililorekebishwa Mombasa, kando ya bahari, likipandishwa Nairobi, palipo na mita zaidi ya 1,600 juu ya usawa wa bahari, hukuta hewa nyepesi; mchanganyiko huwa mzito, moshi mweusi hutoka, na fundi hulazimika kutia jeti ndogo zaidi. Akisharudi pwani na jeti hiyo, mchanganyiko huwa mwepesi kupita kiasi, nao waweza kuunguza valvu.

Mafundi wa gereji zetu walikwisha kuyapa mengi ya mambo haya majina yao, na baadhi ya majina hayo hayamo katika kamusi yoyote. Kadiri kabureta zinavyotoweka barabarani, ndivyo na wenye kuyajua wanavyopungua. Twawasihi walimu wa vyuo vya ufundi na wafasiri wayakusanye mapema kutoka vinywani mwao, wakiandika kando ya kila neno kitu chenyewe na kazi yake, kabla ya kubuni maneno mapya.