Padri Mersenne na Namba Yake Kubwa

Watoto wetu wa shule wajua kwamba 12 yagawanyika: ni 3 mara 4. Lakini 7 haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Namba ya namna hii huitwa namba tasa. Leo tutazame namba moja kubwa iliyodhaniwa kuwa tasa, kumbe sivyo.

Padri Marin Mersenne alizaliwa Ufaransa mwaka 1588, akawa mtawa wa shirika la Waminimu, lililoanzishwa na Mtakatifu Fransisko wa Paola. Aliishi Paris, akiandikiana barua na wenye elimu wa nchi nyingi. Katika kitabu chake cha mwaka 1644 alieleza namba zipatikanazo hivi: andika 2 mara kadhaa, zizidishe zote pamoja, kisha ondoa 1. Ukiiandika mara 3, wapata 8. Ondoa 1, yabaki 7, nayo ni tasa. Mara 5 yatoa 31, tasa vilevile. Lakini mara 11 yatoa 2.047, nayo si tasa, maana ni 23 mara 89. Basi, kila moja yataka kupimwa.

Padri alisema kwamba mara 67 yatoa namba tasa. Ndiyo hii: 147.573.952.589.676.412.927. Ina tarakimu 21! Naye mwenyewe aliandika kwamba muda wote wa dunia hautoshi kupima namba ya tarakimu 15 au 20.

Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kwamba namba hiyo si tasa. Lakini njia yake haikutaja namba ziigawanyazo. Ni kama kujua kwamba gunia lililoshonwa lina vitu viwili, bila kuviona.

Tarehe 31 Oktoba 1903, mjini New York, Mmarekani Frank Nelson Cole alisimama mbele ya wataalamu wenzake. Yasimuliwa kwamba hakusema neno. Aliandika ubaoni namba ile kubwa. Kando yake akazidisha 193.707.721 kwa 761.838.257.287. Majibu yakawa sawasawa. Akarudi kuketi, nao wakampigia makofi. Yasemekana kazi hiyo ilimchukua Dominika za miaka 3. Hatusemi tumwige kwa Dominika zake, bali kwa uvumilivu wake.

Je, tumdharau Padri Mersenne? Hasha. Namba hizo zaitwa kwa jina lake hata leo, kwa sababu aliwafungulia wengine njia ya kutafuta. Lakini heshima ya mtu haigeuzi hesabu. Kutafuta kulichukua miaka. Kuhakikisha, mwanafunzi mwenye karatasi na subira aweza leo jioni. Tuwafundishe watoto wetu kuheshimu wakubwa na kupima hesabu pia. Ukweli wote watoka kwa Mungu, nao hauogopi kupimwa.