Mary Seacole na Ubao Uliosahaulika

Mwaka 1869 mchoraji kijana wa London, Albert Charles Challen, alimchora muuguzi Mary Seacole kwa rangi ya mafuta juu ya ubao wa takriban sentimita 24 kwa 18. Mama huyo, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, ametazama upande. Shingoni ana kitambaa chekundu, kifuani nishani tatu. Baadaye ubao huo ulitoweka, hadi mwanzoni mwa karne hii ulipokutwa nyuma ya picha nyingine ndani ya fremu iliyouzwa kama mtumba. Mwanahistoria Helen Rappaport akaufuatilia, na mwaka 2005 ukaanza kuonyeshwa katika National Portrait Gallery, London. Kisa hiki kinathibitisha jambo moja: muuguzi hukumbukwa si kwa kazi yake tu, bali pia kwa kuwa na watu na taasisi za kumtunzia kumbukumbu.

Tumlinganishe Seacole na muuguzi mwenzake wa wakati ule, Florence Nightingale. Yeye hakupenda kuchorwa. Hata Jerry Barrett, aliyechora picha kubwa ya majeruhi wa Vita vya Crimea wakipokewa katika hospitali ya Scutari, alikataliwa alipomwomba akae mbele yake. Hata hivyo jina la Nightingale halikufifia, kwani mfuko wa fedha ulichangwa kwa heshima yake, na mwaka 1860 shule ya wauguzi ikafunguliwa katika Hospitali ya St Thomas. Seacole alirudi kutoka Vita vya Crimea akiwa amefilisika. Alichapisha kitabu cha maisha yake mwaka 1857, lakini hakuwa na shule wala chama cha kulibeba jina lake. Alifariki mwaka 1881, mwaka uleule aliofariki Challen, na wote wawili wakasahaulika.

Wapo wanaopinga heshima anayopewa leo. Wanasema alikuwa mfanyabiashara aliyewauzia maofisa vyakula na vinywaji karibu na Balaklava. Ni kweli, na mwenyewe hakuficha. Lakini biashara haifuti uuguzi: kabla ya vita alikwisha kuwatibu wagonjwa wa kipindupindu Panama, na kule Crimea aliwahudumia askari kwa dawa alizojifunza kwa mama yake, mganga wa Kingston. Wengine wanahoji nishani zile, kwa kuwa hakuna kumbukumbu rasmi kwamba alitunukiwa. Pingamizi hili lina uzito, na picha peke yake haiwezi kulijibu. Ila picha haikuchorwa iwe cheti. Inatuonyesha jinsi mwanamke huyu mweusi, aliyekataliwa alipoomba kwenda vitani na wauguzi wa serikali, alivyotaka kutazamwa: mtu aliyetumikia majeshi na anayestahili shukrani yao.

Kwa hiyo ukimya wa nyaraka usichukuliwe kuwa hukumu juu ya mtu. Wauguzi wengi wa karne ile hawakuchorwa na yeyote, na huyu aliyechorwa nusura apotee. Mwanahistoria mwadilifu aanze kwa kuuliza nani alikuwa na uwezo wa kuhifadhi, ndipo apime nani alitenda makubwa.