Sindano ya kuzuia damu kuganda: Mambo ya kujua kabla ya kupanda boti kurudi Kiunga

Mama aliyejifungua kwa upasuaji, au mgonjwa aliyepatikana na bonge la damu mguuni, huenda akaruhusiwa kutoka hospitalini huku amekabidhiwa pakiti ya sindano ndogo zilizokwisha kujazwa dawa. Huelezwa kwamba atajidunga mwenyewe tumboni kila siku, nyumbani kwake, kwa siku kumi, wiki sita au hata miezi mitatu. Kwa mkazi wa Mombasa maelezo hayo huenda yakatosha, kwani likitokea la kutokea hospitali haiko mbali. Kwa mkazi wa Kiunga, Ishakani au Rubu, mambo ni tofauti kabisa.

Kiunga iko kwenye ncha ya kaskazini ya pwani ya Kenya, kilomita chache kutoka mpaka wa Somalia. Barabara inayopita kando ya msitu wa Boni imekuwa ya hatari kwa miaka mingi. Serikali ilianzisha operesheni ya usalama katika msitu huo mwezi Septemba 2015, na mwaka 2017 vilipuzi vilivyotegwa barabarani viliua watu kadhaa. Kwa hiyo wengi husafiri kwa bahari, na bahari nayo ina majira yake. Wakati wa kusi, hasa kati ya Juni na Agosti, mawimbi huweza kuzuia boti kuondoka siku nzima. Mgonjwa anayevuja damu saa nne za usiku huko Kiunga hana budi kufikiria mambo ambayo daktari aliyemwandikia dawa pengine hakuyawaza.

Dawa yenyewe ni ya jamii ya heparini. Iliyo maarufu zaidi katika matumizi ya nyumbani ni enoksaparini, ambayo wengi huijua kwa jina la kibiashara la Clexane. Watu huiita dawa ya kuyeyusha damu, ingawa kwa kweli haiyeyushi bonge lililokwisha kuganda. Kazi yake ni kuzuia bonge hilo lisikue na mengine yasifanyike, huku mwili wenyewe ukiliondoa lile la zamani polepole. Bonge la mguuni likiachwa huweza kukatika, likasafiri hadi kwenye mapafu na kuua kwa muda mfupi. Shirika la Afya Duniani liliiongeza enoksaparini katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2015.

Kwa nini mama aliyejifungua? Kwa sababu maumbile huifanya damu ya mjamzito iwe nyepesi kuganda, ili asivuje sana wakati wa kuzaa, na hali hiyo hubaki kwa wiki kadhaa baadaye. Wiki sita za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa, muda ambao unakaribia kulingana na arobaini ya mila zetu. Inafaa kusema wazi hapa kwamba arobaini ya kulala kitandani mchana kutwa haimsaidii mama wa namna hii. Atembee ndani ya nyumba na uani, na anywe maji ya kutosha. Mkandaji naye aelezwe: tumbo linalodungwa sindano lisikandwe, na mguu uliovimba usisuguliwe kwa nguvu.

Kabla ya kuondoka hospitalini, mgonjwa apimwe uzito. Kipimo cha kujikinga kwa watu wengi ni miligramu 40 mara moja kwa siku, lakini kipimo cha kutibu bonge lililokwisha kuwapo huhesabiwa kwa kilo, kwa kawaida miligramu 1 kwa kila kilo moja ya uzito, kila baada ya saa 12. Mjamzito anayeendelea kuongezeka uzito huenda akahitaji kuhesabiwa upya. Figo nazo zipimwe, kwa maana ndizo zinazoitoa dawa mwilini. Zikiwa dhaifu, dawa hurundikana na kipimo cha kawaida hugeuka kuwa kikubwa mno.

Baada ya hapo zihesabiwe sindano zenyewe. Sindano moja kwa siku kwa wiki sita ni sindano 42. Mbili kwa siku kwa mwezi mmoja ni 60. Hii si dawa ya kutarajia kuikuta katika duka la kijijini, na mgonjwa mwenye vali bandia ya moyo akiikosa hata kwa siku chache anaweza kupata kiharusi. Heri kuongezewa za akiba za siku chache kuliko kugundua pakiti ni tupu wakati bahari imechafuka. Aondoke pia na karatasi iliyoandikwa jina la dawa, kipimo, saa ya kudunga, tarehe ya mwisho na nambari ya simu ya wodi.

Njiani dawa isiachwe juani. Maelezo ya watengenezaji yanataka ihifadhiwe katika joto lisilozidi nyuzi 25, jambo gumu katika mwambao wetu, basi iwekwe mahali penye ubaridi kuliko pengine popote nyumbani, mbali na jiko na bati la paa. Haihitaji friji. Wala isitiwe katika kasha la barafu la samaki kwa nia njema ya kuilinda na joto, kwani ikiganda huharibika.

Kudunga kwenyewe si kazi ngumu, na mgonjwa asikubali kuondoka wodini kabla hajajidunga mara moja huku muuguzi akimtazama. Anawe mikono, aketi akiwa ameegemea au alale chali, achague upande mmoja wa tumbo, angalau sentimita tano kutoka kitovuni na mbali na kidonda cha upasuaji. Leo kulia, kesho kushoto. Aibane ngozi kwa vidole viwili ili nyama laini inyanyuke, aingize sindano yote wima, asukume dawa taratibu, na asiiachie ngozi mpaka sindano itoke. Kijipovu cha hewa kinachoonekana ndani ya sindano inayotumiwa yote kisitolewe; wengi huogopa hewa hiyo, lakini haina madhara, na kujaribu kuitoa humwaga dawa. Wale ambao kipimo chao ni kidogo kuliko ujazo wa sindano waonyeshwe hospitalini namna ya kupunguza. Mahali palipodungwa pasisuguliwe. Doa dogo la buluu ni jambo la kawaida.

Akisahau, adunge mara anapokumbuka, isipokuwa ikiwa saa ya sindano inayofuata imekwisha karibia. Asidunge mbili kwa pamoja kufidia.

Madhara mengi ya dawa hii hutokana na kuchanganywa na vitu vingine. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ambazo hununuliwa dukani kwa maumivu ya mgongo au jino, huongeza uwezekano wa kuvuja damu na zisitumiwe ila daktari awe amezipanga mwenyewe. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli ndiyo inayofaa. Sindano nyingine yoyote ya kwenye msuli iulizwe kwanza. Kuumikwa, yaani hijama, kusifanywe kabisa katika kipindi hiki, hata kama mgonjwa amezoea kuumikwa kila mwaka. Kung'oa jino kungoje ushauri.

Kuna suala ambalo mara nyingi mgonjwa hulisikia barazani baada ya kufika nyumbani, na ambalo kwa maoni yetu hospitali ingelitaja mapema. Heparini ilipogunduliwa mwaka 1916 na Jay McLean huko Baltimore, Marekani, ilitokana na ini la mbwa. Leo enoksaparini hutengenezwa kutokana na utando wa utumbo wa nguruwe. Katika mji wa Waislamu kama Kiunga, habari hiyo humfanya mtu aache dawa kimya kimya, naye daktari asijue. Wanazuoni wamekwisha kulijadili jambo hili kwa jina. Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha Makka cha Desemba 2003, liliruhusu heparini ya aina hii pale ambapo hakuna badala iliyo halali inayotosheleza, bila kuvuka kiasi cha haja. Mwenye wasiwasi na amwone imamu wake, lakini kabla ya kuacha azungumze na daktari. Ipo fondaparinaksi, ambayo hutengenezwa maabara bila mnyama yeyote, ingawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi na haimfai kila mtu, hasa mwenye figo dhaifu.

Kuhusu Ramadhani, Chuo cha Kimataifa cha Fiqhi ya Kiislamu kiliamua mjini Jeddah mwaka 1997 kwamba sindano za ngozi, msuli au mshipa zisizo za lishe hazifunguzi. Mama anayenyonyesha naye asiogope, kwani dawa haifiki kwa mtoto kwa kiasi cha kumdhuru.

Sasa tuje kwenye dalili za hatari. Damu ya pua isiyokoma baada ya kubanwa kwa dakika kumi, choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu au wa rangi ya chai, kutapika damu, kidonda kinachovimba na kuuma zaidi, na kwa mama mzazi, damu inayolowesha pedi nzima kwa saa moja. Maumivu makali ya kichwa yanayoanza ghafla, kuona kizunguzungu au upande mmoja kupooza huashiria damu kuvuja ndani ya kichwa. Aliyeanguka na kujigonga kichwa aende hospitalini hata kama haoni jeraha. Kwa upande mwingine, mguu mmoja unaovimba, pumzi kukata, kifua kuchoma au kukohoa damu ni ishara kwamba bonge limeshinda dawa.

Daktari wa mjini anaweza kumwambia mgonjwa atazame hadi asubuhi. Mgonjwa wa Kiunga asitazame. Aache sindano inayofuata ikiwa anavuja, aende Kituo cha Afya cha Kiunga mara moja, na mipango ya boti ianze hapo hapo wakati bado ana nguvu, si baada ya kuzirai. Dawa ya kupinga heparini, protamini, huizuia enoksaparini kwa sehemu tu, na hutolewa hospitalini. Hakuna mzizi wala kinywaji cha nyumbani kinachofanya kazi hiyo. Nguvu ya sindano moja hupungua katika muda wa nusu siku hadi siku nzima, na katika muda huo mgonjwa huenda akahitaji kuongezwa damu. Ni vyema familia ijue tangu siku ya kwanza ni nahodha gani atakayepigiwa simu, nani atatoa fedha za mafuta, na ni nani atakayewaarifu wanausalama ikiwa safari ni ya usiku.

Mjamzito anayetumia sindano hizi asingoje uchungu akiwa Kiunga. Ahamie kwa jamaa Lamu mjini wiki kadhaa kabla ya siku ya matarajio, karibu na Hospitali ya King Fahd. Uchungu ukianza asijidunge tena mpaka aonwe. Sababu ni kwamba ganzi ya uti wa mgongo haiwezi kutolewa kabla ya saa 12 kupita tangu sindano ya kujikinga, au saa 24 tangu ile ya kipimo kikubwa, la sivyo damu huweza kuvujia kwenye uti na kumpoozesha miguu. Saa ya sindano ya mwisho iandikwe, kwa maana ndilo swali la kwanza atakaloulizwa.

Sindano zilizotumika zitiwe katika chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, kama ile ya dawa ya kufulia, bila kurudishiwa vifuniko vyake, na chupa ikijaa ipelekwe kituo cha afya. Zisitupwe jaani wala baharini. Watoto wa Kiunga hucheza ufuoni miguu mitupu, na maji yakijaa hurudisha kila kilichotupwa.