Stempu za Vuga na Kadi za Mjukuu Wangu

Mwalimu mstaafu haachwi apumzike. Niliondoka ofisini nikidhani nimeagana na madaftari, lakini hapa Mlalo hakipiti kipindi bila mtu kubisha hodi na karatasi mkononi: huyu anataka barua ya kuombea kazi, yule anataka nimsomee hukumu ya baraza la ardhi. Kwa hiyo mjukuu wangu alipokuja jioni moja ya mvua, akaamkia, akakaa kwenye kigoda karibu na jiko na kutoa daftari lake, sikushangaa. Kilichonishangaza ni swali.

"Babu, nisaidie kukadiria mali. Nataka kuiuza nipate ada ya chuo."

Nikauliza ni mali gani, maana kwa ninavyojua alikuwa na baiskeli mbovu na simu. Akasema mali yenyewe imo ndani ya simu. Ni akaunti ya mchezo wa kadi uitwao Hearthstone, mchezo uliotolewa na kampuni ya Kimarekani, Blizzard, mwaka 2014. Mchezaji hukusanya kadi za picha zenye nguvu mbalimbali, akashindana na watu asiowajua wa pande zote za dunia. Kadi hizo huja katika vifurushi. Ukinunua kifurushi hujui utapata nini ndani, kama sisi tulivyokuwa tukinunua bahati nasibu ya kanisani. Mjukuu wangu, aliyekuwa akichapa barua za watu katika duka la vifaa vya ofisi pale Lushoto, alikuwa ametumia shilingi 740,000 kwa miaka mitatu. Alikuwa ameziandika zote. Nilipoona ile hesabu nilinyamaza kwa muda, kwa sababu mwaka wa pili wa hiyo mitatu ndio mama yake aliokosa fedha za kuezeka jiko.

Ada ilipungua shilingi 600,000. Yeye aliithamini akaunti yake kuwa 1,500,000, na mtu mmoja aliyekutana naye mtandaoni alikuwa amemtajia 300,000, nusu sasa na nusu baadaye. Alitaka nimwambie nani kati yao ana haki.

Sina budi kukiri kwamba sijui kuucheza mchezo huo. Lakini habari ya kukadiria vipande vya karatasi vyenye picha naijua kidogo, na niliijua kwa kuumia. Nikiwa mwanafunzi nilikusanya stempu. Hadi ninamaliza chuo cha ualimu nilikuwa na albamu nzima: za Kenya, Uganda na Tanganyika zenye kichwa cha malkia, za Uhuru wa 1961, na chache za Wajerumani zenye meli ya Kaisari, nilizopewa na mzee mmoja wa misheni. Mwaka 1974, nikiwa mwalimu kijana mwenye shida, niliazima kitabu cha bei, nikajumlisha stempu moja moja usiku kucha, nikapata shilingi 900. Kesho yake nikapanda basi hadi mjini kwa mfanyabiashara mmoja. Alifungua kurasa nne, akafunga, akanipa shilingi 60. Nilipomwonyesha jumla yangu akacheka, akasema kitabu kile kinaeleza bei anayouza yeye, tena kwa stempu isiyo na kasoro, si bei anayonunulia. Nilizichukua zile 60. Nauli ya kurudi ilikuwa humo humo.

Basi nikamwambia mjukuu wangu kuwa kabla ya kufungua daftari lake nitamsimulia habari ya stempu nyingine, zilizochapwa katika milima hii hii yetu.

Vuga, msomaji anajua, ndiko walikokaa wafalme wa Kilindi, akina Simba Mwene. Wamisionari wa Kilutheri waliofika hapa Mlalo mwaka 1891, na kukiita kituo chao Hohenfriedeberg, walifungua baadaye kituo cha Vuga pia, na huko kukawa na mtambo wa kupiga chapa. Vita vya 1914 vilipoanza, manowari za Waingereza ziliziba bahari, na koloni la Wajerumani likabaki kama nyumba iliyofungwa kwa nje. Kila kitu kilianza kupungua: dawa, nguo, fedha, na hata stempu. Kwa fedha walibuni. Walichapa noti za dharura kwa karatasi yoyote iliyopatikana, na kufikia 1917 walikuwa wakizigonga porini kwa herufi za mpira. Mwaka 1916 huko Tabora, katika karakana ya reli, walifua hata sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, karibu 16,000, kwa dhahabu ya Sekenke.

Na kwa stempu walikuja Vuga. Mtambo uliozoea kuchapa maneno ya Mungu ulichapa stempu za aina tatu: heller 2½, heller 7½ na rupia 1. Hazikuwa na meli ya Kaisari wala urembo wowote wa maana. Ni maandishi na tarakimu tu ndani ya fremu, kazi ya wachapaji waliotumia walichokuwa nacho. Lakini Machi 1916 meli iitwayo Marie iliponyoka zuio la Waingereza ikatia nanga katika ghuba ya Sudi, kusini, na miongoni mwa shehena yake zilikuwamo stempu kutoka Ujerumani. Zile za Vuga hazikuhitajika tena. Katikati ya mwaka huo Waingereza wakashuka na reli ya Usambara, Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, ikatekwa. Stempu za Vuga zilifukiwa ardhini huko Morogoro zisiangukie mikononi mwa adui. Mwaka 1921 zikafukuliwa, nyingi zikiwa zimeharibiwa na unyevu, zikapelekwa Ujerumani, zikauzwa kwa mnada kwa wakusanyaji.

Hapo mjukuu wangu akanikatiza. "Kwa hiyo zilikuwa hazijawahi kupeleka barua hata moja?"

Hata moja. Na bado hadi leo zinanunuliwa. Ile ya rupia 1 ndiyo ghali kupita wenzake. Hata ukiletewa ya Vuga yenye muhuri wa posta una kila sababu ya kuuliza maswali. Posta iliyoziagiza ilikufa, serikali iliyosimama nyuma yake ilikufa, rupia na heller zikafa, nazo zikabaki na bei.

Yeye alifurahi, maana alidhani nimemsaidia. Akasema ndivyo alivyokuwa akifikiri: kitu kikiwa adimu kina bei. Akanipa na mfano. Mwaka 2023 kadi moja ya mchezo wa Magic: The Gathering, ambao ni mkubwa kuliko wake kwa umri kwani ulianza 1993, ilinunuliwa na mwanamuziki Post Malone kwa dola milioni 2 hivi, kwa kuwa ilichapwa moja tu duniani. Nikamwuliza kadi hiyo ilikuwa ya nini. Ya karatasi, akasema. Akanyamaza, nikaona amefika mwenyewe nilikotaka kumfikisha.

Stempu ya Vuga iliweza kuzikwa, ikafukuliwa, ikavuka bahari, ikabadilisha mikono bila kumwomba mtu ruhusa. Iwapo posta ya Kaisari ingefufuka ikakataza, bado ungeitia mfukoni. Sarafu ya Tabora ni afadhali zaidi: hata mkusanyaji asipoitaka, sonara ataipima. Kadi za mjukuu wangu hazikuwamo mikononi mwake. Masharti ya kampuni, aliyoyakubali kwa kubonyeza kitufe pasipo kuyasoma (nani huyasoma?), yanasema akaunti ni mali ya kampuni wala haiuzwi. Yeye ana ruhusa ya kucheza tu. Wachezaji wa China waliliona hili: Januari 2023 mkataba wa Blizzard na mshirika wake NetEase ulipokwisha, mchezo ulizimwa nchi nzima, na haukurudi hadi Septemba 2024. Kwa miezi ishirini kadi zao zilikuwa mahali pasipofikika hata kwa jembe.

Tukafungua daftari. Alikuwa na kadi 31 za daraja la juu kabisa, na thamani aliyoziwekea ilitokana na gharama ya kuzipata upya. Mchezo una kitu wachezaji wanachokiita vumbi: ukivunja kadi unapata vumbi, na kwa vumbi unatengeneza nyingine. Kutengeneza kadi moja ya daraja hilo ni vumbi 1,600. Ukiivunja unapewa 400. Nikamwambia apige hesabu. Kwa kujenga, 49,600. Kwa kuvunja, 12,400. Robo kamili. Yaani kampuni yenyewe, iliyozichora na kuzipa majina, inazipokea kwa robo, tena si kwa fedha bali kwa vumbi lake. Nilimkumbuka yule mfanyabiashara wa stempu. Leo namwona alikuwa mwungwana kwa namna yake, alinilipa shilingi za kweli.

Kisha kuna umri. Kila mwaka seti za zamani huondolewa katika uwanja mkuu wa mashindano, kadi zake zikabaki za uwanja wa pembeni. Tulipozitenga, kati ya zile 31 kumi na tisa zilikuwa zimeshaondolewa. Nilimwuliza pia juu ya michezo mingine, naye, kwa uaminifu ninaomsifu, akanieleza habari ya Artifact. Huo ulitolewa na kampuni ya Valve mwezi Novemba 2018, na tofauti yake ni kuwa kadi ziliruhusiwa kuuzwa sokoni waziwazi. Siku za mwanzo kadi moja iitwayo Axe ilizidi dola 20, yaani ilizidi bei ya mchezo wote. Wachezaji wakapungua, bei zikaporomoka pamoja nao. Machi 2021 kampuni iliacha kuuendeleza, ikaufanya bure, na kila mchezaji akapewa kadi zote. Kwa hiyo hata ruhusa ya kuuza haitoshi ikiwa wanaotaka kununua wameondoka uwanjani.

Nikamwomba afanye jambo moja la mwisho. Huku kwetu mtu akiuza kiungo cha shamba huandika hati, na mashahidi hutia sahihi. Nikampa kalamu: aandike anamwuzia nini huyo bwana wa mtandaoni. Aliandika "akaunti", akakata, kwa kuwa si yake. Akaandika "kadi", akakata. Akaandika "jina langu na neno la siri". Nikamwuliza je, baada ya kupokea fedha, wewe mwenyewe huwezi kuirudisha kwa ile barua pepe uliyojiandikishia? Akasema anaweza. Na kampuni haiwezi kuifunga ikigundua? Inaweza. Na mnunuzi, akishapewa neno la siri, ana sababu gani ya kuleta ile nusu ya pili? Hakujibu. Mvua ilikuwa imezidi juu ya mabati na ikawa kisingizio kizuri cha kutosikia.

Makadirio yangu, kama nilivyoyaandika chini ya ukurasa wake, yalikuwa haya: juu kabisa 150,000, ile nusu ya kwanza, ikiwa itafika, chini kabisa sifuri, na shahidi hapatikani. Alikasirika. Alisema mimi nahesabu kama mtu asiyejua furaha aliyoipata humo. Hapo alinigusa, kwa kuwa ni kweli sikuiweka, na sikujua safu ya kuiweka. Mimi pia usiku ule wa 1974 kabla ya kujumlisha nilikuwa mwenye furaha na albamu yangu, na ile furaha mfanyabiashara hakuilipia.

Hakuuza. Tuliuza mtamba mmoja na magunia ya viazi, mama yake akaongezea, na ada ikatimia wiki moja baada ya chuo kufunguliwa. Anacheza bado, nadhani, ila kwa vifurushi anavyopewa bure, ndivyo anavyoniambia.

Siku ya kuondoka, basi likiwa linapakia kabichi, aliniuliza kama katika nyumba yetu hakuna hata stempu moja ya Vuga iliyosahaulika. Nikamwambia tulilipekua sanduku la baba yangu mwaka aliofariki. Mlikuwa na Biblia, wembe, na risiti za kodi ya kichwa, zimefungwa kwa uzi wa katani.