Nasaba ya Vyuo vya Wananchi na Ilimu ya Kusindika Mazao

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo Serikali ya Tanzania ilivianzisha mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, vina nasaba ndefu, na anayetaka kuifuata hana budi kufika hadi Rødding, katika Denmark, ambako mwaka 1844 ilifunguliwa shule ya kwanza ya wananchi kwa kufuata rai ya N. F. S. Grundtvig, kasisi na mshairi, aliyeshikilia kuwa mkulima mtu mzima ana haki ya kupata ilimu bila ya kuulizwa shahada wala kutahiniwa.

Manufaa ya rai hiyo yalidhihirika katika miaka ya 1870, nafaka rahisi ya Marekani na Urusi ilipofurika katika masoko ya Ulaya na kuangusha bei, hata wakulima wa Denmark wakalazimika kutegemea maziwa. Mwaka 1878 Gustaf de Laval, mhandisi wa Sweden, alibuni mashine ya kutenga malai kwa kuyazungusha maziwa kwa kasi. Na mwaka 1882, huko Hjedding, katika Denmark, wakulima walianzisha kwa ushirika kiwanda chao cha siagi, kila mmoja akipeleka maziwa yake, malai yakibaki kiwandani, na maziwa yaliyosalia yakirudi nyumbani kulisha nguruwe. Wanahistoria wengi wanaona kuwa ushirika huo usingalienea kwa wepesi ule lau wakulima wasingalizoea, katika shule zao, kukaa pamoja na kushauriana.

Sweden ilifungua shule za mfano huo mwaka 1868, na huko ndiko Tanzania ilikoichukua ruwaza. Hapa kwetu njia ilikwisha kusafishwa: Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Vyuo zaidi ya 50 vikaenea wilayani, vikifundisha kilimo, useremala, uashi, ushonaji na upishi kwa watu ambao aghalabu hawakubahatika kuingia sekondari.

Katika masomo hayo, hakuna linalomgusa mkulima kuliko kusindika mazao. Tutazame muhogo, ambao huanza kuharibika siku mbili tatu baada ya kung'olewa. Mwanafunzi huumenya, huuosha, huukuna, kisha huutia katika gunia na kuukandamiza kwa mawe mazito hadi maji yachuruzike. Sumu ya muhogo mchungu hupungua kwa kule kukunwa na kukamuliwa, na machicha huanikwa juu ya kichanja kirefu, mbali na vumbi na kuku, yakauke kabla ya kusagwa. Zao la siku tatu limekuwa unga wa miezi.

Wala tusidhani kuwa ilimu hii ni ngeni. Mama zetu wa pwani walianika ng'onda, wakatia maembe achari, wakakamua mafuta ya nazi, tangu kabla ya vyuo kujengwa. Chuo kimeongeza mizani, usafi wa vyombo na hesabu ya tijara. Kwa hiyo nasaha yangu kwa wazee wenzangu ni hii: kijana akitaka kwenda kusomea usindikaji katika chuo cha wananchi, msimwone kuwa ameshindwa masomo. Mpeni nauli na radhi, kwani anakwenda kujifunza kuyalinda mavuno yenu.